Ukitaka Kutembea Pwani ya Ziwa, Anza Kujitayarisha Nyumbani

Mwaka huu wanakisomo na vikundi vya kuweka akiba vya huku Heru Juu wametuuliza jambo moja. Wanataka, baada ya mavuno, waende kutembea kwa miguu siku tatu au nne kando ya Ziwa Tanganyika. Wafike Gombe, wawaone sokwe, warudi nyumbani. Wanauliza: tufanye nini kabla ya kuondoka?

Swali hili limetufurahisha. Mwaka 1960 msichana wa Kiingereza, Jane Goodall, alifika Gombe kuchunguza maisha ya sokwe. Alikuwa na umri wa miaka 26. Alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, na dunia nzima ilitangaziwa. Kwa sababu ya kazi yake wageni wanavuka bahari kuja kuuona msitu ule. Kwa sisi wa Kasulu msitu huo ni safari ya basi na boti tu, lakini wengi wetu hatujautia machoni.

Hata hivyo, tumewasikia wengine wakisema, "Ah, sisi Waha tunajua kutembea. Kuna nini cha kujitayarisha?" Ni kweli tunajua kutembea. Wazee wetu walikwenda Uvinza kufuata chumvi, na wengine walikwenda mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Lakini hizo zilikuwa njia za milimani na porini. Pwani ya ziwa ni kitu kingine. Mguu uliozoea udongo mgumu wa Heru Juu hauujui mchanga, wala hauyajui mawe ya mviringo yanayoteleza chini ya maji.

Hebu kwanza tujue mahali penyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yako meta zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Sisi huku tuko juu zaidi ya meta elfu moja. Kwa hiyo ukishuka ziwani unashukia kwenye joto. Jua la kule linakupiga mara mbili: mara moja kutoka juu, na mara ya pili linaporudishwa na maji na mchanga. Gombe iko kaskazini ya mji wa Kigoma, mwendo wa kilometa zipatazo 16. Ilifanywa pori la akiba mwaka 1943, na mwaka 1968 ikawa Hifadhi ya Taifa. Ni ndogo, ukubwa wake ni kilometa za mraba 50 na kitu. Upande mmoja ni maji, upande mwingine ni milima inayopanda ghafla, na katikati ni ufuko mwembamba. Vijito vinashuka kutoka milimani na kukata ufuko huo. Hakuna barabara ya gari ndani yake. Ukifika pale, gari lako ni miguu yako.

Wakati mzuri wa kwenda ni kiangazi, kuanzia Juni. Njia hazitelezi, na mavuno yako ghalani. Wakati wa mvua sokwe hukaa karibu zaidi na ni rahisi kuwapata, lakini njia za milimani huwa utelezi mtupu. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, kiangazi ni bora.

Sasa tuseme habari ya mwongozaji. Mwaka 1871 Henry Stanley alikuwa akienda Ujiji kumtafuta Livingstone. Alipita katika nchi yetu hii ya Uha. Kila alipofika kwa mtawala alidaiwa hongo ya nguo, akalipa, akaenda mbele kidogo, akadaiwa tena. Mwisho akaona nguo zitakwisha. Akaajiri waongozaji wanaojua njia za porini, wakampitisha usiku yeye na msafara wake mpaka wakatoka Uha. Sisi hatumsifu kwa kukwepa kulipa. Lakini angalieni: mtu yule alikuwa na bunduki, wapagazi na mali, na bado bila mtu anayejua njia asingefika.

Siku hizi msituni Gombe huruhusiwi kuingia peke yako. Mwongozaji wa msituni hutolewa na hifadhi, na malipo yake yana stakabadhi. Ada ya hifadhi pia hailipwi mkononi. Mtapewa namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, nanyi mtalipa kwa simu au benki. Raia wa Tanzania hulipa kwa shilingi, na ada yake ni ndogo sana kuliko ya mgeni. Bei hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya hifadhi mjini Kigoma kabla ya kuanza kuchanga. Mtu yeyote anayekuambia, "Nipe mimi hela, nitakuingiza," mkatae. Namba ya malipo isomeni wenyewe, tarakimu moja moja. Si mmejifunza kusoma?

Lakini huenda mkamtaka pia mtu wa kuwaongoza tangu Kigoma, kuwatafutia boti na mahali pa kulala. Huyo mtapatana naye wenyewe. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mnapatana kwa mdomo siku ya kwanza. Siku ya tatu kila mtu anakumbuka lake. Andikeni. Barua fupi kama hii inatosha:

"Sisi wanakikundi 6 wa Heru Juu tumepatana na ndugu ............ atuongoze siku 4, kuanzia tarehe ............ Malipo yake ni shilingi ............ kwa siku. Chakula chake kitatolewa na ............ Nauli ya boti italipwa na ............ Upepo ukizuia boti kuondoka, gharama ya siku ya ziada italipwa na ............ Sahihi ya kikundi ............ Sahihi ya mwongozaji ............"

Andikeni nakala mbili. Moja yake, moja yenu. Ile sentensi ya upepo msiiache. Wengi huiacha, na ndiyo inayomaliza hela.

Jambo jingine la karatasi ni kitambulisho cha taifa. Kila mmoja awe nacho. Kwanza, ndicho kinachoonyesha kwamba wewe ni raia ili ulipe ada ya raia. Pili, mwambao ule unakwenda mpaka Burundi. Ukikutana na watu wa uhamiaji, watakuuliza wewe ni nani. Nasi tunajua wenyewe kwamba Kiha na Kirundi ni ndugu; lafudhi yako haitakutetea. Ambaye hana kitambulisho aanze kukifuatilia sasa, asingoje mwezi wa safari. Kiwekeni ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo tafuteni kifuko kigumu cha nyaraka chenye kifungo, au kopo lenye mfuniko mzuri.

Basi, tuje kwenye miguu. Tutakaa hapa kidogo, kwa sababu safari nyingi huharibikia miguuni.

Adui mkubwa ni malengelenge. Lengelenge hutokea hivi: ngozi imelowa maji au jasho, inalainika. Kiatu kinasugua mahali pale pale. Ngozi ya juu inaachana na ya chini, na maji yanajaa katikati. Pwani ngozi hulowa mara nyingi, maana mnavuka vijito, na mchanga huingia kiatuni ukasugua kama msasa. Kwa hiyo kiatu kipya usikivae kwa mara ya kwanza safarini. Raba mbili za mtumba ulizozizoea ni bora kuliko buti jipya la dukani. Vaa soksi. Katambuga na yeboyebo zina kazi yake: vaa hizo unapovuka kijito, kisha futa miguu ikauke, toa mchanga wote, ndipo urudishe raba. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa dakika tano. Ukihisi mahali panaanza kuwaka moto, simama hapo hapo, usione aibu kuwachelewesha wenzako. Funika kwa plasta au kitambaa safi. Lengelenge likishatoka, usilipasue. Ile ngozi ya juu ndiyo bandeji yake.

Mazoezi yaanze wiki nne kabla. Tukisema mazoezi, wazee wanacheka. "Nilime tangu asubuhi, halafu nifanye mazoezi?" Lakini kulima hukaza mgongo na mikono, kutembea saa tano mfululizo na mzigo ni kazi nyingine. Tembeeni pamoja Jumamosi na Jumapili, kwa viatu vile vile mtakavyovaa safarini na kwa mzigo ule ule mtakaobeba. Shukeni bondeni, mpande tena. Wiki ya kwanza saa mbili, wiki ya nne saa tano. Hapo mtajuana pia: nani hutembea pole pole, nani hulalamika, nani huenda mbele bila kutazama nyuma. Anayetembea pole pole ndiye awekwe mbele, ili mwendo wa kikundi uwe wake. Mama mjamzito, au mtu mwenye pumu, moyo au shinikizo la damu, apite zahanati kwanza aulize. Anayekunywa dawa za kila siku asiache hata siku moja, na abebe za siku tatu zaidi, kwa sababu ziwa likichafuka hamtarudi siku mliyopanga. Dawa zikae katika mzigo wako mwenyewe, si wa mwenzako.

Mzigo uwe mdogo. Mtu mwenye uzito wa kilo 60 asizidishe kilo 12, maji yakiwemo. Akina mama wamezoea kubeba kichwani, na barabarani huko ni kubeba kuzuri kabisa. Lakini kwenye mawe ya utelezi mikono yote inatakiwa iwe huru. Tafuteni shanta au begi la mgongoni. Nguo za kubadili mara mbili, sweta moja kwa ajili ya upepo wa usiku, kofia pana au mtandio, na kitenge au kanga, ambayo ni shuka, taulo na pazia kwa wakati mmoja. Tochi. Chandarua mkitalala katika hema au mahali pasipo nacho, maana mbu wa ziwani hawana likizo. Fimbo ya kutembelea ikatwe huku nyumbani. Ndani ya hifadhi hamruhusiwi kukata hata kijiti, wala kuokota kuni, wala kuchuma uyoga. Tunalisema hili kwa akina mama hasa, maana tunajua uyoga ukionekana miguu husimama yenyewe.

Chakula kisiwe kizito. Karanga za kukaanga, mikate mikavu, unga wa uji, sukari na chumvi. Samaki mtawakuta kule. Migebuka haiwezi kukosekana ziwani. Chakula chote kifungwe ndani ya begi, wala msile mkitembea ufukweni. Gombe kuna nyani wengi pwani, nao wanajua kabisa begi ni nini. Nyani atakunyang'anya ndizi mkononi na kukuonyesha meno juu yake. Msigombane naye.

Maji ya kunywa: kila mtu abebe lita mbili kila asubuhi, na siku ya jua kali lita tatu. Maji ya Tanganyika ni matamu, hayana chumvi, na ni meupe hata unaona samaki chini. Hapo ndipo watu hudanganyika. Maji kuwa meupe si kuwa salama. Wazee waliosikiliza redio katika vikundi vya Mtu ni Afya mwaka 1973 wanalikumbuka somo hili la kuchemsha maji. Na wale ambao hawakuwapo walisikia ya Kagunga, kaskazini ya mwambao huo huo. Mwezi wa Mei 2015 wakimbizi wengi walijazana pale ufukweni, maji na vyoo havikutosha, kipindupindu kikaingia, watu maelfu wakaugua na wengine wakafa. Chemsheni maji mpaka yatokote kwa nguvu dakika nzima, au tumieni dawa ya maji kama ilivyoandikwa kwenye kifungashio. Mtu akianza kuharisha, mpeni maji haya: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vipimwe sawasawa na ukingo wa kijiko. Anywe kidogo kidogo, na mtafute zahanati.

Kuoga ziwani, ulizeni wenyeji kwanza. Kuna mahali pana mamba. Mahali penye maji yaliyotulia na majani kunaweza kuwa na konokono wa kichocho. Na hata mahali pazuri, sakafu ya ziwa huanguka ghafla. Kina cha Tanganyika kinafika meta 1,470, karibu kilometa moja na nusu kwenda chini. Duniani ni Ziwa Baikal tu, kule Urusi, linalolizidi kwa kina. Kwa sisi tusiojua kuogelea, maji ya magotini yanatosha.

Na hapa tuseme habari ya boti, ambayo ndiyo hatari kubwa ya safari nzima. Boti za kwenda vijiji vya kaskazini huondokea Kibirizi, karibu na mji wa Kigoma. Ni za mbao na zina injini. Hubeba watu, magunia, kuku na magodoro pamoja. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Mtu wa milimani akiona wimbi hudhani ni maji tu yanacheza. Si mchezo. Kabla ya kupanda, tazameni: je, ukingo wa boti uko juu ya maji vya kutosha, au maji yanaulamba? Je, kila mtu ana jaketi la kuokolea, lile wengine wanaloliita boya? Livaeni na kulifunga kabla ya kuondoka, msilikalie. Boti ikiwa imejaa kupita kiasi, shukeni. Nauli mliyolipa iacheni iende. Kikundi kikubaliane jambo hili nyumbani, tena kwa kauli moja, kwa sababu pale bandarini, kelele zikiwa nyingi na nahodha akiharakisha, kumkatalia mtu ni vigumu.

Tumebakiwa na sokwe wenyewe. Wengi huwachanganya na nyani. Nyani ana mkia, sokwe hana. Sokwe ni ndugu wa karibu sana wa binadamu kimwili. Mwaka 1960 huo huo Goodall alimwona sokwe akichomeka unyasi katika kichuguu, akautoa umejaa mchwa, akala. Kabla ya hapo wataalamu walifikiri ni binadamu tu anayetengeneza na kutumia vyombo. Leo sokwe wa Gombe ni wachache kiasi kwamba watafiti wanawajua kwa majina, mmoja mmoja.

Kwa kuwa mwili wao unafanana na wetu, magonjwa yetu huwapata. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliwaingia sokwe wa Gombe. Wengine walipooza mikono na miguu, wengine wakafa. Mafua ambayo kwako ni ya siku tatu yanaweza kuwa kifo kwao. Ndiyo sababu mgeni huvaa barakoa, hukaa mbali nao angalau meta 10, hali chakula mbele yao, na hukaa nao muda mfupi tu, saa moja hivi. Huingia watu wachache wachache. Mkiwa wengi mtagawanywa, na watoto wadogo hawaruhusiwi kabisa. Mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwaendea.

Sasa fikirini. Mtu ameweka akiba mwaka mzima. Ameuza maharage yake, amefanya mazoezi wiki nne, amefika Kigoma. Usiku ule anaanza kupiga chafya. Atafanya nini? Wengi wangemeza dawa na kunyamaza. Tunawaelewa, maana hela ile ni jasho. Kwa hiyo lizungumzeni jambo hili kabla hamjatoa hata senti moja. Sisi tunashauri kikundi kitenge fungu dogo katika mchango, na mtu akizuiwa kwa ugonjwa arudishiwe sehemu ya hela yake kutoka fungu hilo. Siku hiyo atembee ufukweni na mwenzake mmoja, wenzao wakipanda msituni. Akijua hatapoteza kila kitu, hatakuwa na sababu ya kuficha kikohozi. Na katika wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, kaeni mbali na watu wenye mafua kadiri mnavyoweza.

Kuna waliotuuliza pia habari za Mahale, hifadhi iliyo kusini ya Kigoma, zaidi ya kilometa 100, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kule mlima Nkungwe unafika meta 2,462, na kuupanda ni kazi ya siku mbili au tatu pamoja na askari wa wanyamapori. Ni kuzuri sana. Lakini nauli, muda na nguvu ni mara nyingi zaidi. Anzeni na Gombe. Miguu ikirudi salama, mwaka mwingine mtaamua.

Mkishamaliza safari, siku ya kurudi mtashukia tena Kibirizi. Hapo ndipo mnunue dagaa wa kupeleka nyumbani. Tumesikia kuna watu wanaotaka kuwanunua siku ya kwenda, eti kwa sababu bei ni nzuri asubuhi. Mtawabeba siku nne mgongoni, mbele ya nyani?